Njegere za Mama Victorine na Chupa ya Mawese

Ilikuwa mwaka wa 2023. Hapana, nasema vibaya, ni 2024, maana ndio mwaka ziwa lilipanda mpaka kwenye milango ya watu. Nyumba ya Mama Victorine ilijaa maji, akahamia juu kilimani. Huko Mama Adrienne alimuazima kipande cha shamba.

"Ninakupa musimu moja," alimwambia. "Njegere zikikataa, Pontien atapanda mihogo."

Pontien ni mtoto wa dada yake Mama Adrienne, na alilitamani shamba lile tangu zamani. Mama Victorine hakuwa na lingine.

Sasa, hapa Kalemie wapanda njegere tuna desturi yetu. Tunaweka chupa ya mawese nje ya dirisha. Asubuhi moja ukiipindua na mafuta yote yameganda, hayatoki, tunasema baridi imefika, tupande. Njegere inapenda baridi, hilo kweli. Lakini siku hiyo mvua imekwisha zamani, udongo ni vumbi, na maua yanapotoka yanakutana na joto la mwezi wa tisa, yanaanguka. Tunavuna kidogo, tunalaumu udongo.

Mama Victorine alikulia Marungu, kwenye baridi ya milima. Hakungoja. Mwanzoni mwa mwezi wa tano, mafuta yalipoanza tu kuwa na ukungu kwenye kitako cha chupa, alishika jembe, akainua matuta marefu ili maji yapite, akapanda. Mimi miguu yangu haitulii, nilikuwa napita pale kila mara.

Pontien naye alipita. "Mama Victorine, njo njegere unapanda ao muchele? Na maji yote haya!"

"Wewe tayarisha sahani, Papa Pontien."

Kisha ikaja mvua kubwa ya mwisho. Mbegu za tuta la chini zikaoza. Pontien akaja na miti ya mihogo begani, akaiegemeza kwenye ua wa shamba, kama mtu anayengoja maiti itolewe. Mama Victorine hakumwangalia. Akapanda tena palipooza, akainua tuta zaidi.

Zikaota! Mwezi wa sita upepo wa ziwa ukapuliza baridi, na kilima kikawa cheupe kwa maua. Mwezi wa saba akavuna vikapu, akaita wenzake wamsaidie kubeba, wakashuka wakiimba. Njegere za Pontien, alizopanda kwake chupa ilipoganda yote, zilikuwa bado zinafika kwenye kifundo cha mguu.

"Shamba ni lako mpaka utakapochoka wewe," alisema Mama Adrienne, mbele ya watu wote.

Siku hiyo tulikula njegere kwa bugali na ndagala, vidagaa vya ziwa letu. Pontien alikuja na sahani yake mwenyewe, kubwa, akacheka kuliko sisi. Miti ya mihogo ilikuwa imekauka pale kwenye ua wa shamba.

Nikawauliza: nani alituambia kwanza tungoje mpaka chupa igande yote?

Waliendelea kula.