Chungu Kisichouliza Jina

Marehemu Mwalimu Hisham alimwachia mkewe, shangazi yangu Afra, nyumba ya mtaa wa Mawaleh, huku Uarabuni, na chungu cha Ijumaa. Nyumba ilimpa raha. Chungu ndicho kilichomliza.

Mwalimu alisomesha historia, na akishaanza habari za masufi wa zamani wa Bara Hindi, hakuna wa kumnyamazisha. Jiko lao halikuzimwa, alisema. Mfagiaji na waziri, Mwislamu na Baniani, wote walikula jamvi moja, na hapana aliyeulizwa jina wala dini. Mfalme akighadhibika, raia walikimbilia kwao kuombewa. Sisi tulipiga miayo, shangazi akapika.

Basi kila Ijumaa wapagazi wa soko la mboga walikula biriani barazani bila kuulizwa neno. Mwalimu alipofariki, shangazi aliendelea. Soko lilipohamishwa, wapagazi wakahama nalo, akabaki mmoja, mtu mzima aliyekatika kidole. Alikula, akaosha sahani, akamwagilia mndimu, akaenda zake. Nilimtania shangazi kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu jembe kalichukua mwenyewe. Alicheka sana.

Baada ya Idi hakuja. Ijumaa ya pili pia hakuja. Shangazi akanitaka nimpeleke kwenye nyumba wanazopanga vibarua. Msimamizi akatueleza kuwa wengi wameondoka. Baadhi wamerudi kwao, mmoja amekufa. Akauliza wa kwetu anaitwa nani. Shangazi akageuka, akaondoka.

Garini alilia.

"Nnataka kumsomea khitma," alisema. "Nimsomee nani? Hata kama Mwislamu sijui."

Miaka yote ile alimlisha, na sasa hana hata neno moja la kumwitia. Mimi nami nililia, na nilimkasirikia Mwalimu na masufi wake.

Ijumaa iliyofuata alikuja mtu mgeni, akapakuliwa, akaketi. Shangazi akamsogelea, akamuuliza taratibu kwa Kiarabu cha sokoni:

"Mwanangu, waitwa nani?"

Yule mtu alimtazama, akalitazama gari langu, akalitazama lango. Pengine hakuwa na karatasi za kukaa nchini, sijui. Aliiweka sahani chini, hajaonja hata tonge, akatoka haraka bila kugeuka.

Shangazi alikaa pale pale alipokaa yule mtu, akaipakata ile sahani mpaka wali ukapoa.