Maua ya Dada na Maji ya Msibani

Dada yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka ishirini alishona katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga Kirumba, kule juu ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe. Dirisha la chumba hicho lilitazama jiwe refu kuliko paa. Asubuhi jiwe lilipokea jua na kulirudisha ndani likiwa limepoa, mwanga wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano lakini usiochoma. Kwenye kizingiti cha dirisha hilo aliweka makopo mawili ya maua.

Jina la maua hayo kwa Kiswahili sijalipata mpaka leo. Katika kitabu cha mtumba nilichonunua mjini yanaitwa streptokapasi, yaani tunda lililosokotwa, kwa sababu kijiganda cha mbegu zake hujipinda kama kamba. Asili ya haya yanayopandwa ndani ya nyumba ni kusini kabisa mwa Afrika, kwenye vivuli vya misitu na kingo za mawe, na ndugu zake wamo katika milima ya Usambara. Dada hakuhitaji habari hizo. Aliyaita maua ya mteja, kwa kuwa aliyapata kwa mteja wake mmoja mgeni, mtafiti wa samaki, aliyemwachia majani mawili yaliyofungwa kwenye gazeti bichi siku alipokuwa anarudi kwao. Jani moja lilizaa mmea wa maua ya buluu, yenye mistari myeusi kooni kama iliyochorwa kwa kalamu. La pili lilizaa meupe.

Alilipenda la buluu. Lilikuwa gumu kutoa maua na jepesi kununa, na kila lilipochoka alikata jani lake moja na kuanza upya, hivyo mmea uliokuwa dirishani mwaka wa mwisho ulikuwa ule ule wa mwanzo, umepita kwenye majani matano au sita. Jeupe alilitunza kwa sababu lilikuwepo.

Mimi ni fundi mizani. Natengeneza mizani ya soko la samaki la Mwaloni na ya maduka, na shule yangu iliishia kidato cha pili, mengine nimejisomea. Dada alipopata kiharusi na mkono wa kulia ukalala, nikawa nakwenda kwake kila Jumamosi na siku moja katikati ya wiki kumsaidia, na kazi moja aliyonipa ilikuwa hiyo ya maua. Sikuwa na mkono wake. Yeye aligusa jani kwa nyuma ya kidole, kama anayempima mtoto homa, na akajua. Mimi nilileta mizani ndogo. Kopo la buluu likiwa limeshiba maji lilikuwa na gramu mia nane na arobaini. Likishuka hadi mia sita na tisini, nilimimina maji kidogo kwenye kisahani chini yake, nikasubiri nusu saa, nikamwaga yaliyobaki. Niliandika kila kitu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Sasa unayauzia nani kwa kilo?" aliniuliza siku ya kwanza. Maneno yalikuwa yanamtoka taratibu, upande mmoja wa mdomo.

"Nayapima tu, dada."

"Yapime. Ila usiyahurumie. Jani likilegea liache lilegee, litainuka. Ukilihurumia umeliua."

Ni kweli kabisa, na baadaye nilielewa sababu. Mizizi ya mmea huu ni myembamba kama nywele na inahitaji hewa kuliko inavyohitaji maji. Udongo ukikaa umelowa, mizizi inaoza. Mizizi ikioza, majani hayapati maji, kwa hiyo yanalegea, sawasawa na yanavyolegea kwa kiu. Mtu asiyejua huona kiu na kuongeza maji. Dalili ya kuzama na dalili ya kukauka ni moja, na kwa macho hutazitofautisha mpaka uinue kopo.

Dada alifariki mwezi wa pili wa masika, asubuhi, kabla sijafika. La buluu lilikuwa na vikonyo vinne vya maua. Jioni moja wiki hiyo alikuwa ameniambia, bila kunitazama, "Nikienda, hilo la buluu lisife." Nikamjibu halitakufa. Hakuniomba kitu kingine.

Wanaume tulikaa nje, kwenye viti vya kukodi chini ya turubai lililofungwa upande mmoja kwenye jiwe. Wanawake walikuwa ndani na jikoni. Mimi, ndugu pekee wa kiume, nilipewa kiti kinachotazama mlango, na kutoka hapo niliona dirisha na makopo yote mawili.

Siku ya pili akaja mtani. Ni jirani wa dada, muuza dagaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja. Kabila lao na letu ni watani, na kwa miaka yote hiyo yeye na dada walitukanana kila asubuhi kupitia dirisha lile kabla hawajasalimiana. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Humwigiza marehemu, hudai urithi, huzuia jeneza, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Akikasirika mfiwa, ndiye aliyevunja mila.

Akaingia chumbani, akatoka amevaa miwani ya dada na futi ya kupimia shingoni, anaburuta mguu mmoja. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno.

"Nani kakaa kwenye kiti changu?" alisema kwa sauti ya dada, ile ya baada ya kiharusi. "Nyie wote mnakuja kula tu. Gauni za sikukuu hamjachukua, na wali mnataka! Haya, maua yangu yamekunywa? Ninyi mnakula, maua yangu yamekunywa?"

Akachukua jagi la maji ya kunawa, akasimama dirishani, akamimina kwenye kopo la kwanza mpaka maji yakafurika na kutiririka ukutani, kisha la pili. "Kunyweni, wanangu. Hawa wajomba zenu ni wachoyo."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Shangazi yangu alikaa chini kwa kicheko, kisha akajifunika kanga usoni. Mimi pia nilicheka. Niliona maji yanashuka ukutani na nikahesabu kichwani: zaidi ya lita moja kwa kopo lisilohitaji hata kikombe. Nilijiambia kwamba mara moja haiui. Kama kopo litamwagwa vizuri na kuachwa, litapona.

Lakini mchezo ule uligeuka ibada. Kesho yake kila mwanamke aliyeingia kutoa pole alipita dirishani na kumimina maji kidogo, kwa kuwa mtani alikuwa ameonyesha kwamba ndivyo marehemu alivyofanya. Siku ya nne majani yalilegea. Nikamsikia mtani akisema ndani, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, "Jamani, tazameni. Hata maua yanamlilia." Wakaongeza maji.

Nilikaa kwenye kiti changu. Nilijua kinachotokea kuliko mtu yeyote pale, na nilikuwa na karatasi ukutani inayothibitisha. Lakini ningesemaje? Kaka wa marehemu ainuke kutoka kwa wazee, apite katikati ya wanawake waliolala chini, awafokee kwa sababu ya maua ya kopo? Amwambie mtani kwamba ameharibu? Mzee aliyekaa kando yangu alikuwa anazungumza habari za bei ya saruji. Nikawa naitikia.

Siku ya saba msiba ulimalizwa. Nguo na vyombo viligawiwa, cherehani ikaenda kwa binamu, na makopo hakuna aliyeyataka, hivyo nikaambiwa nichukue. Mwenye nyumba alitaka chumba, gari la kuhamisha vitu lilikuwa linapiga honi chini barabarani. Niliinua kopo la buluu. Halikuhitaji mizani. Shina lilikuwa limegeuka kahawia na laini, likabaki mkononi mwangu. Jeupe nalo lilikuwa limeoza vile vile.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo siwezi kumwekea mtu mwingine. Nilichuma majani ambayo hayakuwa yameoza bado, mawili kutoka kopo moja na matatu kutoka lingine, nikayaviringisha yote kwenye gazeti moja. Mimi, ninayebandika kikaratasi kwenye kila skrubu ninapofungua mizani, sikuweka alama. Majani ya buluu na meupe yanafanana kabisa. Nilikumbuka nikiwa tayari Buhongwa, nyumbani kwangu, gazeti limefunguliwa mezani.

Nilifanya yaliyobaki kwa utaratibu. Katika mmea huu jani ndilo kila kitu. Kila jani lina mizizi yake na linaweza kuwa mmea mzima peke yake. Unalipasua kwa wembe kando ya mshipa wa katikati, pande zote mbili, unautupa mshipa, kisha unasimamisha vipande, upande uliokatwa ukiwa chini, katika mchanga mkavukavu uliochanganywa na chenga za mkaa. Unafunika kwa mfuko wa nailoni. Nilipata vipande kumi. Nyumba yangu iko mahali peupe, mabati yanachemka kuanzia saa nne, wala hakuna jiwe la kupoza mwanga. Nilihamisha trei kutoka dirisha hadi dirisha kwa siku tisa, mwishowe nikaiweka nyuma ya kabati, ambako mwanga ulikuwa mdogo lakini joto lilivumilika.

Vipande saba vilioza ndani ya wiki tatu. Kimoja kilikauka. Wiki ya nane, kwenye viwili vilivyobaki, palitokea vijani kwenye kila mshipa uliokatwa, vidogo kama masikio ya panya. Nilivihamisha vilipofika ukubwa wa ukucha, vikafa kimoja kimoja kwa joto. Hadi kiangazi kinaisha nilikuwa nimebaki na mmea mmoja.

Mtani alikuja Buhongwa mwezi wa tisa, na dagaa kwenye mfuko. Hakuwa amefika kwangu tangu msiba.

"Kumbe mnaishi!" alisema mlangoni. "Nilidhani kabila lenu mkiisha kuzika mnajizika na nyinyi."

"Karibu mtani. Tulikuwa tunasubiri ulete chakula."

Alikaa, akanywa chai, akatazama huku na huku. "Maua ya mwenzangu yako wapi? Nimekuja kuomba jani. Lile la buluu. Aliniahidi miaka yote, mchoyo yule, akafa nalo."

Nilimletea mmea ule nikamweleza kwamba ndio peke yake uliobaki, na kwamba sijui kama ni la buluu.

"Mengine yamepatwa na nini?"

"Yaliozeshwa na maji."

"Maji gani?"

Niliinua birika kumwongezea chai, na yeye hakuwa mjinga. Aliweka kikombe chini.

"Maji yangu," alisema.

"Maji ya watu wote, mtani."

"Unajua wiki ile mabomba yalikuwa makavu? Ndoo niliipandisha kichwani kutoka chini, kwenye mawe yale, na goti hili. Nilikuwa nikifika namnywesha yeye kwanza ndipo napika." Alisema yeye, hakusema maua. Kisha akanitazama. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje. Chini ya turubai."

"Ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

"Sasa mbona hukusema? Mimi nimetukanwa na dada yako miaka ishirini sijafa. Ungeniambia, we mtani mpumbavu, acha maji. Ningeacha. Ningekutukana, halafu ningeacha."

Nilimwambia niliona ni aibu. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei isiyopunguzwa. Nilijitolea kumkatia jani. Alikataa, alisema kwanza litoe ua, tujue ni nani tumebaki naye.

Kikonyo kilitokea mwezi wa kumi na mbili. Kwa siku kumi na mbili nilikitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tumba la ua likiwa limefungwa huwa na rangi ya kijani iliyofifia hata kama ni la buluu, hivyo nilikuwa na haki ya kusubiri. Lilifunguka Jumapili, mke wangu akiwa kanisani. Nililibeba mpaka mlangoni kwenye mwanga. Kooni kulikuwa na doa dogo la manjano, na kwingine kote lilikuwa jeupe.

Nilimpigia simu mtani. Sokoni kulikuwa na kelele nyingi, ikabidi nirudie.

"Ni jeupe," nilisema.

"Eh?"

"Jeupe, mtani. La buluu limekwisha."

Nilisikia anamwambia mteja asubiri. Kisha nikasikia watu wa soko wanapita nyuma yake, na mtu anauliza bei.

"Haya," alisema. "Nitakuja kulichukua jani lake hilo hilo. Uniandikie kwenye karatasi namna ya kulimwagilia. Andika kwa herufi kubwa."