Gari Lililopimwa Likiwa Tupu

Nakumbuka kaka yangu Ogutu alivyoingia Migori na gari lake kubwa la safari, miaka ya tisini, akawa analizunguka amenuna badala ya kufurahi. Lilikuwa gari pana la safu tatu za viti, pua imeinama kidogo na nyuma kumeinuka. Alisema linafanana na ng'ombe anayekunywa maji. Alikuwa anajiandaa kwenda ukweni karibu na Kosele kwa mambo ya mahari, na hakutaka wakwe walione hivyo. Mwanangu, umeniuliza uchague seti gani ya kusawazisha gari lako, ndiyo maana namleta Ogutu hapa.

Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Tukaenda kwa Marwa, fundi wa springi, naye akatuonyesha seti mbili za spesa, yaani vipande vya chuma vinavyokaa juu ya springi za mbele ili kuinua pua. Moja nene, nyingine nyembamba. Akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, mbele na nyuma, kisha akauliza swali ambalo kila fundi huuliza.

"Hii gari inabebanga nini?"

"Inabeba mimi na koti yangu," Ogutu akajibu.

Basi akachagua ile nene. Marwa hakubisha, mwenye gari amesema. Jioni lilikuwa limekaa sawa kama meza, na siwezi kukudanganya, lilipendeza.

Kwenda Kosele hakukuwa na shida. Ndani tulikuwa mimi, Ogutu na Waya, yaani shangazi yetu, dada ya marehemu baba. Akina mama wengine wa ukoo walitangulia kwa basi. Mazungumzo yalikwenda vizuri, tukala tukashiba. Ikaja saa ya kuondoka, na hapo ndipo koti la Ogutu lilipopata wenzake.

Wewe umekulia mjini, huenda hujui. Ukweni hawakuachi urudi mikono mitupu. Walipakia gunia la njugu, gunia la wimbi, mikungu ya ndizi, kuku, na paja la fahali aliyechinjwa. Kisha wakasema haifai akina mama warudi kwa basi wakati mkwe ana gari, wakawapandisha wote safu ya nyuma kabisa. Huwezi kushusha hata ndizi moja mbele ya macho yao, maana ni kama kusema chakula chao hukitaki. Ogutu alikuwa anatabasamu tu, na jasho linamtoka.

Tulipotoka langoni nyuma ikashuka na pua ikainuka, nikawa natazama mawingu zaidi ya barabara. Usukani ukawa mwepesi mno mikononi mwangu. Kwenye kona ya kwanza nilikata, gari likachelewa kutii, na gurudumu la mbele likapita ukingoni kabisa mwa mtaro. Chini kidogo palikuwa na daraja jembamba lisilo na kingo, na mto ulikuwa umejaa. Nikasimamisha gari. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Nikamwambia Ogutu kwamba lazima tupunguze mzigo. Akakataa. Wakwe walikuwa bado langoni wanatupungia mikono, na alijua wakiona magunia yao yanashushwa njiani, habari ingefika kila boma kabla ya jua kuzama. Akaniambia niende polepole tu. Yeye ndiye mkubwa, gari ni lake, mimi dereva. Nikashika gia.

"Zima," Waya akasema kutoka kiti cha katikati.

Nikazima.

"Ogutu, nyathina, mwanangu, hili gari mlilipima likiwa na njaa. Sasa limeshiba, na wewe unataka kutuvusha mtoni kwa sababu ya macho ya watu. Mimi nikifa hapo, hao hao unaowaonea haya watakuja kula kwenye matanga yangu."

Akafungua mlango, akashuka, akajitwisha mkungu wa ndizi, akaanza kutembea. Hakugeuka kuona nani anamfuata. Akina mama wakashuka wakicheka, kila mmoja na mzigo wake, na mmoja akaanzisha wimbo wa harusi. Ogutu alibaki ameketi kidogo, halafu akavua lile koti, akabeba gunia la wimbi begani. Nilimpenda sana kaka yangu wakati ule.

Wakwe walipoona hivyo, walidhani ndiyo desturi yetu watu wa Migori. Wakaja mbio wakiimba, wakapokea mizigo, wakavuka daraja pamoja nasi. Mimi nilivuka peke yangu na gari jepesi, nyuma yao. Barabara kuu tukapata pikapu ya kutubebea mzigo mpaka nyumbani.

Tuliporudi kwa Marwa, Waya aliketi ndani na magunia nyuma, ndipo fundi akapima. Tukachukua seti nyembamba, na springi za nyuma zikaongezwa nguvu. Gari likiwa tupu pua ilibaki imeinama kidogo, na Ogutu hakulisema tena.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague kwa kuliangalia gari likiwa limeegeshwa. Pakia kwanza kile unachobeba siku za kweli, watu na mizigo, ndipo upime. Waliolitengeneza waliinua nyuma kwa sababu walijua utapakia. Kama ni lazima uinue mbele, chukua seti nyembamba, acha pua iwe chini kidogo, kisha fundi anyooshe upya magurudumu na taa zielekee sawa barabarani. Na abiria akikwambia simama, simama, hata kama ukoo mzima unakutazama.

Mungu akupe gari lenye nguvu na watu wa kulijaza. Akulinde kwenye kila kona na kila daraja, na kila utakayempakia ashuke mwenyewe, kwa miguu yake, mlangoni kwake.