Kazi Niliyoiomba Kaburini

Nilipokuwa natafuta kazi Dar es Salaam, miaka michache baada ya Vita vya Pili, nilikuwa na watu watatu wa kunitafutia, na kila mmoja aliamini yuko peke yake. Siku hizi vijana wanapeleka maombi kila mlango wala hawaoni haya. Sisi tulikuwa na haya. Mtu akikubali kukushika mkono, wewe ni mtu wake. Ukionekana umekaa barazani kwa mwingine, umemtukana.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilikuwa nimeoa binti wa Kizaramo, tukikaa chumba kimoja nyumbani kwa mama yake, Temeke, naye alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Siku hizo askari walipita mitaani wakiuliza watu kazi zao. Asiye na kazi aliitwa mhuni, na mhuni alipandishwa gari moshi akarudishwa kwao. Mke wangu aliniambia mapema, huku anachambua mchele, "Wakikurudisha Tabora mie sitoki hapa. Mtoto atazaliwa kwa mama yangu, na wewe utapata habari zake kwa watu." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana niliogopa.

Basi nikatafuta watu. Wa kwanza alikuwa nyapara wa makuli bandarini, Mzaramo aliyekaa Keko. Kila alfajiri watu walijipanga getini, naye alipita mbele yao na bakora. Aliyeguswa begani aliingia kazini, asiyeguswa alirudi nyumbani. Ili akuguse sharti akujue, na ili akujue sharti ukae barazani kwake jioni umsikilize anavyojisifu. Kwa kuwa yeye ni Mzaramo na mimi Mnyamwezi, tulikuwa watani tangu enzi za babu zetu na misafara yao. Kwa hiyo tulitukanana kwa raha zetu, maana mtani hakasirikiwi. Aliniita mzigo uliosahauliwa na msafara. Nami nilimwambia Wazaramo wanacheza ngoma mpaka njaa yenyewe inaona haya kuwaingilia.

Wa pili alikuwa mpishi wa Mzungu, Mkristo kutoka Songea, aliyepanga chumba Kinondoni. Huyu aliwatafutia watu uboi, udobi na kazi za bustani kwa rafiki za bwana wake. Utani hakuujua kabisa. Alinikagua kucha, akanifundisha kusimama bila kuegemea ukuta, na kila nilipokwenda kwake alinirudisha mlangoni nibishe hodi upya. Kutoka Temeke hadi Kinondoni kwa miguu si mchezo, na nilifika nikiwa na vumbi ambalo tena alinigombeza kwalo.

Wa tatu alikuwa wakala wa mashamba ya mkonge. Alikaa kwenye baraza ya duka Ilala, mdomo mtamu, akigawa sigara. Lori lake liliondoka kila Jumatatu alfajiri kwenda bara, limejaa manamba, vibarua wa mkataba. Hakuuliza kucha wala ukoo. Mtu asiye na masharti yoyote ndiye wa kumwogopa, lakini nilimwambia nitafikiri, nikaivuta sigara yake.

Nilijiona mjanja. Jioni moja Keko, jioni nyingine Kinondoni, na kila mmoja nikimwapia kwamba sina mwingine duniani ila yeye. Sikujua kwamba mji ule, pamoja na ukubwa wake, ulikuwa na Wazungu wachache na wote walikunywa chai pamoja. Ghala moja la bandarini lilihitaji mtu wa kupokea mizigo. Mpishi akanisifia kwa bwana wake, na bwana wake akanisifia kwa mkubwa wa ghala. Wiki hiyo hiyo nyapara naye akamwendea mkubwa yule yule na jina langu, akaapa kwamba amenilea mkononi mwake. Mzungu akashangaa mtu mmoja kuwa na wenyewe wawili wasiojuana. Akahisi kuna hila, akamchukua mtu mwingine.

Mpishi alinipokea mlangoni. "Umenifanya mwongo mbele ya bwana wangu," akasema, akaufunga mlango taratibu. Nyapara hakufunga mlango. Alinikaribisha vizuri, akaniita "bwana", akaniuliza habari za nyumbani. Hakunitukana hata neno moja. Niliketi pale nikingoja aniite mzigo, hakuniita, na ndipo nilipojua kwamba mambo yamekwisha.

"Mshika mawili moja humponyoka," mke wangu aliniambia. "Wewe ulishika matatu." Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Likabaki lori. Nilimpa wakala ahadi ya Jumatatu, nikamwambia mke wangu kwamba nitarudi mkataba ukiisha. Alinitazama tu, kwa kuwa sote wawili tuliwajua waliosema hivyo wasirudi.

Jumapili asubuhi ikaja habari kwamba mama yake nyapara amefariki. Mtani hana hiari katika msiba. Yeye ndiye mchimba kaburi, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha watu wanapolia, na asipofika huwa ameukata utani. Nilikwenda na Wanyamwezi wenzangu wawili, tukachimba. Jeneza lilipokaribia nilifanya wanavyofanya watani: nikajilaza kaburini chali, nikakataa kutoka. Desturi ni kwamba wafiwa wanakutupia senti, wewe unalalamika kidogo, watu wanacheka, unatoka, maiti anazikwa.

Wakanitupia senti. Nikairudisha juu.

"Anataka nini huyu?" mtu mmoja akauliza.

"Nataka kazi," nikasema. "Bibi yenu hapati nyumba hii bure. Nipeni kazi, au nifukieni mie."

Watu walicheka sana. Kisha kicheko kikapungua, maana sikucheka nao. Niliona vichwa vimezunguka juu yangu na mbingu katikati. Nyapara alisogea ukingoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Toka, mtani," akasema. "Alfajiri, getini."

Nikatoka, tukamzika mama yake.

Lakini neno la utani si ahadi, na hakuna kadhi ambaye ungempelekea shauri la namna hiyo. Lori lingeondoka Ilala alfajiri ile ile. Nilimuuliza mke wangu, akasema yeye hakuwamo kaburini, mimi ndiye niliyemwona mtu usoni. Nikaenda getini.

Nilijipanga mbele kabisa, kifua nje. Akaja nyapara mwingine, mtu wa Kurasini, akapita kama hanioni. Nilimuuliza aliyekuwa kando yangu mwenye zamu yuko wapi, akanitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, mfiwa anatoka nje siku ya pili? Si yuko matangani."

Mimi niliyekulia katika matanga, niliyechimba lile kaburi kwa mikono yangu, nilimngoja mfiwa kazini siku ya pili! Jua lilikuwa limeshatoka na lori limekwenda. Nilikata mitaa ya Keko nikiwa na hasira ya kumvunja mtu meno. Alikuwa amenichezea shere, niliona, na amenichezea kwa haki yake ya utani.

Nilimkuta kwenye mkeka, ameegemea ukuta, hajanyoa. Nikachutama mbele yake. "Uliniambia alfajiri, getini."

Akanitazama. "Nilikwambia?"

"Kaburini."

"Sikumbuki," akasema. "Ningekuahidi hata uliwali, mradi utoke mama apate kulala."

Hasira ilinitoka yote, ikabaki aibu, na nyuma ya aibu hofu ya askari. Nikainuka niondoke. Akanishika kanzu.

"Unakwenda wapi? Maji ya kupikia nani atateka? Kaa."

Nikakaa. Niliteka maji, nikapasua kuni, nikawachekesha wanawake jikoni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku zote za matanga hatukutaja kazi, na sikuthubutu kuiulizia. Khitma ikasomwa, mikeka ikakunjwa, nikarudi kwa mke wangu mikono mitupu.

Alfajiri iliyofuata nilisimama getini, nyuma ya wote. Alikuja amenyoa, bakora mkononi. Aligusa huyu, akamwacha yule, hata akafika kwangu. Hakutabasamu. "Na huu mzigo," akawauliza watu, "nani kausahau hapa?"

Kisha akaniwekea bakora begani, akaiacha hapo kitambo. Nililia mbele ya makuli wote. Nilimlilia mama yake, ambaye sikupata kumwona hata siku moja akiwa hai.