Siku Tulipofukiza Viazi

Aibu nimeona nyingi, lakini ile ya shamba la kikundi hapo Cheptiret imenishinda, na mpaka leo mtu akitaja viazi kwa mkutano huwa naangalia mlango uko wapi.

Ni miaka ile watoto walikuwa wanakunywa maziwa ya Nyayo shuleni. Sisi akina mama (nawakumbuka wote, Rael, Tabutany, Selina, Wambui, na mimi mwenyekiti) tulikuwa tumepewa shamba na Mzee Chumo kwa sharti moja, viazi vikishindwa analichukua tena apande mahindi yake. Basi mvua ikanyesha wiki nzima, majani yakashika madoa meusi, ule ugonjwa sisi tunaita baridi, na kikundi kikanituma Eldoret kwa mafunzo. Nilikaa pale kama nimekalia siafu. Bwana Kosgei wa kilimo akasema wanajaribu mafuta ya majani ya blugamu, ule mkaratusi, kuzuia baridi ya viazi. Wengine wakaandika. Mimi kuandika ni jina langu tu, na kuuliza niliona haya, nikajiambia, wewe, baridi na blugamu si unajua, si watoto wako wote uliwafukiza chini ya blanketi wakishikwa na baridi ya mafua? Nikatoka kabla hajamaliza.

Kesho yake nikaamuru kila mtu alete sufuria na blanketi. Tukachemsha majani hapo hapo, tukaweka sufuria katikati ya mistari, tukafunika kabisa mvuke usitoroke.

Wambui akaniangalia. "Mama Cherono, kwani viazi viko na pua?"

"Serikali imesema!"

Sasa nani anatokea? Bwana Kosgei mwenyewe, na Mzee Chumo, wamekuja kuona shamba. Mzee akaona blanketi zimelala mstari, akavua kofia.

"Poleni, akina mama. Ni nani?"

Wambui akajibu, "Ni viazi, Mzee. Viko na homa."

Bwana Kosgei akainua blanketi moja, majani yamelala kama sukuma wiki iliyoiva. "Mama, nilisema matone ya mafuta, kwa maji na sabuni, unyunyizie. Hukusikia?"

"Nilikuwa nimetoka."

Selina alicheka mpaka akakaa kwa matope. Mzee Chumo hakucheka. Alitazama mistari minne tuliyokuwa hatujafunika, akasema, "Hii ikikufa, napanda mahindi."

Hapo mbele ya wote nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, nikamwambia Bwana Kosgei arudie, halafu arudie tena.

Tukanyunyizia ile mistari minne, miwili ikapona (sijui ni mafuta ama ni jua lililotoka) na Mzee akatuachia shamba. Uenyekiti walimpa Wambui, sikubisha. Siku hizi mkutanoni nauliza hata kile nimeelewa, wacha wachoke na mimi.