Uzi wa Muhogo Mchungu

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau. Nilikuwa bibi arusi mgeni hapa Nyakabere. Mvua zilikatika, mahindi yakakaukia shambani, na muhogo mtamu uliosalia wakaung'oa wenye bunduki. Ule mchungu hawakuugusa. Mavyala wangu, mama wa mume wangu, na wanawake wenzake walikuwa wameupanda pembezoni mwa kila shamba kama walivyofanya mama zao, kwa kuwa hustahimili jua na mwizi hawezi kuutafuna mbichi. Huo ndio uliotuweka hai.

Basi wakateremka watu kutoka Rurambo juu, wakikimbia risasi. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mavyala akamjazia kikapu cha muhogo. Kutoa ni moyo, na moyo alikuwa nao. Tukaenda zetu kupalilia.

Kesho yake mtoto alikuwa amekufa. Mama yake alikuwa na haraka ya njaa, akauchemsha muhogo bila kuuloweka, akamlisha.

"Kule kwetu tunakula biazi na maziwa, mama," alisema, macho makavu. "Sikujua iko na sumu."

Mavyala akaketi mavumbini. "Na minye nilizania kila muntu anajua."

Mimi nililia sana, maana nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Tangu hapo kila familia iliyofika ilipelekwa kwanza kijitoni, tunakoloweka. Wanawake tulipeana zamu. Yule mama wa Rurambo naye aliingia, na hakuna aliyefundisha kwa ukali kama yeye. "Weye, vuta," alimwambia mgeni. Uzi wa katikati ya muhogo ukitoka wenyewe, sumu imekwisha: anika, twanga. Ukishikilia, rudisha majini, hata mtoto akilia. Hatukuzika tena mtoto kwa sababu ya muhogo. Wa njaa na homa tuliwazika, sitakudanganya.

Leo mvua zimeharibika tena, nanyi mmekuja kuniomba vijiti vya muhogo mchungu mkapande. Chukueni, mbegu haiuzwi. Ila mwanangu, usimpe mtu mbegu ya wazee ukamnyima maarifa yake. Usiseme anajua. Mshike mkono mpaka auvute uzi mwenyewe.

Mungu akuteremshie mvua ya kiasi, na mgeni uliyemlisha aamke salama, yeye na wanawe.