Nilivyovaa Mkia wa Biva Nikakosa Darasa

Wazazi walipofika kuwaona watoto wao, darasa lilikuwa tupu.

Viti vipo. Mabegi yananing'inia ukutani. Mtoto hakuna hata mmoja.

Mama mmoja akaanza kumwita mwanawe. Baba mmoja akatania kwamba labda wameuzwa wote kwa jumla, wazazi wakacheka kile kicheko cha mtu anayeogopa.

Na katikati ya darasa nimesimama mimi. Mdomoni meno ya karatasi yenye rangi ya chungwa. Kiunoni mkia wa boksi, mpana kama mwiko.

Mimi huyu ambaye nikisalimiwa na watu wawili kwa mpigo, naangalia vidole vyangu vya miguu.

Siku ile ilikuwa tamu. Zilizofuata ndizo zilizonichoma, na aliyenichoma siye niliyemdhania. Twendeni taratibu.

Nilikuwa mfanyakazi wa usafi kwenye shule ya chekechea. Napiga deki, naosha vikombe, nawapeleka watoto chooni, nawamwagia maji mikononi. Ndiyo maana waliniita Dada Maji.

Shule niliachia darasa la tano. Kusoma nasoma, ila pole pole, kidole kikitangulia na mimi nikifuata.

Kazi ile nilitafutiwa na mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa kunizaa. Yeye alikuwa mpishi wa hapo hapo. Nilikuwa nakaa kwake. Asubuhi tunatoka wote, jioni tunarudi wote, nikifika nawaogesha wanawe wawili, nawalisha, nawalaza. Sikuona shida. Aliyekupa pa kulala ni mzazi wako.

Darasa nililolisaidia zaidi lilikuwa la mwalimu mmoja kijana, mikono yote bangili. Akiwa bado yuko getini unamsikia. Tulimwita Mwalimu Bangili.

Mwenye shule tulimwita Mkuu. Mama mtu mzima, mpole. Ofisi yake ilikuwa kwenye shule yake nyingine, ng'ambo ya mji, kwetu alikuja mara moja moja.

Mkuu ndiye aliyesema kila darasa lichukue mnyama mmoja. Watoto wamjue kwa kuchora, kukata, kubandika na kucheza, halafu wazazi waje kuona. Wenzetu wakachukua simba, wengine tembo. Mwalimu Bangili siku hiyo alichelewa, akakuta amebaki mmoja.

Biva.

Biva ndiye nani sasa? Mwalimu Bangili akafungua kitabu chenye picha. Mnyama mnene, manyoya, meno ya mbele kama patasi, mkia bapa. Anaishi nchi za baridi. Anaangusha miti kwa meno, anaziba mto, maji yakijaa anajenga nyumba yake humo humo.

Akawaambia watoto, huyu anaitwa biva.

Kulikuwa na kabinti kalikong'oka meno ya mbele, kanaitwa Pengo. Kwao tunda likiiva wanasema limebiva. Pengo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, akishabiva tunamla?"

Darasa likaisha hapo hapo. Wengine wanataka kumbonyeza wajue kama ameiva. Mmoja akalia, hataki aliwe.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Bangili alinifuata kwenye beseni la vikombe. Akaniambia amekwama, watoto wanasubiri mnyama aive.

Mimi macho chini, nikamwambia tuwape maboksi.

Tukaanza. Nilikata mikia, watoto wakachora magamba kwa kalamu za rangi. Meno tuliyapaka rangi ya chungwa kwa sababu kitabuni yalikuwa hivyo, na mmoja akauliza kama biva hapigi mswaki. Nje kwenye mchanga nikachimba mfereji, nikafungulia maji kidogo. Makundi mawili, vijiti, mawe na tope. Ukuta wa nani utazuia maji? Walirudi wamelowa mpaka kwenye nyusi. Kufua nikafua mimi, na wala sikununa.

Nikawatungia na wimbo mdogo wa kupiga makofi: biva haivi, biva anajenga.

Pengo peke yake alikaa pembeni, analia. Biva gani hana meno? Nikamwambia biva akiona hatari hatumii meno. Anapiga maji kwa mkia, paa, na ndugu zake wote wanazama. Nikampa kazi ya ulinzi. Yeye akipiga mkia wake sakafuni, wenzake wote wanajificha.

Kuanzia hapo Pengo alitembea kama askari.

Basi siku ya wazazi, Mwalimu Bangili akanibembeleza nivae mkia niwe mama biva. Nikakubali kwa sababu meno yale yalinificha nusu ya uso. Tuliunganisha meza, tukazifunika maboksi, mbele tukatandaza shuka la bluu. Hayo ndiyo maji. Mlango wa nyumba ya biva uko chini ya maji, adui hauoni.

Pengo alipochungulia akaona wazazi wanakuja wamejaa ukumbi mzima, akaona hatari ya kweli. Paa!

Darasa zima likazama chini ya shuka.

Ndiyo maana wazazi walikuta viti vitupu. Nilianza wimbo kwa kasauti kangu, na chini ya meza wakaitikia wote. Wakatoka mmoja mmoja kwa kutambaa, kila mmoja akimweleza mzazi wake habari za ukuta na mto. Mkuu alicheka mpaka akafuta miwani.

Jioni Mwalimu Bangili akanishika bega. Akasema darasa la watoto wadogo zaidi linahitaji msaidizi wa mwalimu.

"Nitamwambia Mkuu kazi yote ile ni yako. Wewe subiri tu kuitwa."

Nilirudi nyumbani sihisi ardhi. Nikamweleza mama mdogo kila kitu nikiwa namkamulia nguo. Akasema ni jambo jema, Mungu akitaka.

Nikasubiri.

Nikasubiri tena.

Siku moja nikafika, nikamkuta msichana mgeni kwenye darasa la wadogo. Kavaa sare ya walimu. Anawaimbisha biva haivi, biva anajenga. Na kiunoni, jamani, ule mkia wangu.

Nilisimama mlangoni na ndoo mpaka maji yakapoa.

Nikamtazama Mwalimu Bangili. Siku zile alikuwa amebadilika, hanitanii, salamu anaitupa akiwa anapita. Nikajikaza nikamwambia nimemwona msaidizi mpya. Akapandisha mabega, bangili zikalia.

"Sawa tu. Kila mtu na uamuzi wake."

Nikajua tayari, nimeuzwa. Kachukua mchezo wangu kampa rafiki yake, na bado ana uso wa kuniambia uamuzi ni wake.

Nikala jiwe. Darasani kwake nikawa naingia akishatoka. Akiniita nasikia, nageuka kama sijasikia. Usiku nalia chini ya shuka, mama mdogo ananipapasa mgongo, ananiambia ndivyo walimu walivyo, wakishapanda wanavuta ngazi.

Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilimpenda sana usiku ule.

Muda ukapita. Siku moja Mkuu akaja bila taarifa, akanikuta naanika vitambaa vya deki. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini kama mtu aliyefufuka.

"Afadhali nimekuona umesimama, binti. Umepona?"

Nikadhani kanifananisha. Nikamwambia sijaumwa.

"Si ulikuwa huwezi?"

Hapo ndipo dunia yangu ilipogeuka. Mnajua watu wazima wanavyosema. Fulani hawezi, maana yake mgonjwa, yuko kitandani. Kwetu sisi vijana hawezi ni hawezi tu, kazi imemshinda.

Mkuu akanieleza pale pale kwenye kamba ya nguo. Mwalimu Bangili alimng'ang'ania anipe lile darasa, karibu amchoshe. Naye Mkuu akaona adabu ni kupitia kwa mkubwa wangu, kwa kuwa nakaa kwake. Akampigia mama mdogo simu. Akajibiwa, hawezi.

Akasema basi tumsubiri. Akapiga tena. Bado hawezi.

"Nikakuonea huruma nikasema nisimsumbue mgonjwa. Lakini watoto hawasubiri, mwanangu."

Mwalimu Bangili naye, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa amekwenda jikoni kumuuliza mama mdogo. Jibu likawa lile lile, ila kwake liliongezewa chumvi: hawezi huyo, aibu inamuua, na ukimtajia ataacha kazi. Neno moja, masikio mawili. Mmoja akaenda zake akidhani naumwa, mwingine akaniona msichana niliyeombewa riziki nikaikataa bila hata asante.

Na mimi katikati yao nafua vitambaa.

Nikaenda jikoni. Mama mdogo alikuwa anamenya viazi, kanipa mgongo. Nikamuuliza kama alimwambia Mkuu naumwa.

"Nilisema huwezi."

"Yeye alielewa mgonjwa."

"Alivyoelewa ni masikio yake. Mimi sikusema uongo. Kwani unaweza? Wewe hata dukani unanituma mimi nikuulizie bei."

Ilinichoma kwa sababu ni kweli. Ananijua. Angekuwa mtu baki asingejua pa kushika. Aibu yangu ndiyo aliyoichukua akaifanya shahidi wake.

Nikamuuliza nimemkosea nini. Ndipo kisu chake kikaacha kumenya.

"Ukikaa na walimu, wanangu wataogeshwa na nani? Na mimi nikuletee chai, nikuamkie shikamoo mwalimu?"

Nikatoka jikoni.

Nilikwenda kwa Mwalimu Bangili watoto walipoondoka. Tulikaa kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa kidevu, nikamweleza. Akasema siku zile zote alikuwa akijiuliza amenikosea nini mpaka namkimbia. Na mimi nikamwambia hilo ndilo swali langu.

Alitaka anisindikize kwa Mkuu. Nikakataa. Nilikwenda mwenyewe mpaka ng'ambo ya mji, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Mara mbili niliinuka kuondoka.

Nikaingia. Nikasema nikiitazama meza:

"Mkuu, mimi mzima, na naweza. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu."

Mkuu akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia ukweli: nafasi ina mtu, naye hajakosa lolote, hawezi kumtoa mtoto wa watu. Ikitokea nyingine, ataniuliza mimi mwenyewe.

Haijatokea mpaka leo ninapoandika. Bado napiga deki, na ule wimbo bado nausikia ukitoka darasa la wadogo, wameshaubadilisha kidogo. Wanakosea makofi.

Kesho yake baada ya kutoka kwa Mkuu, mama mdogo aliniita tuinue sufuria kubwa, ile isiyoinuliwa na mtu mmoja. Nikashika upande wangu. Tulipoitua nikamwambia kuanzia leo mtu akiniulizia, amwambie nipo, aje aniulize.

Akafuta mikono taratibu. "Siku hizi una mdomo."

"Nilikuwa nao, mama mdogo. Nilikuazima tu."

Wenzangu wenye aibu, siwaambii mpige kelele, hata mimi sijaweza. Ila mtu mkimya husemewa. Na anayekusemea, hata awe damu yako, hatafuti neno la kukufaa wewe. Anachagua linalomfaa yeye.